Toleo la Premium (Transformers)

Toleo la Premium ni roboti ya kuchezea ya Transformers iliyotolewa upya kwa rangi nyingi na bora zaidi, bila kubadili umbo wala namna inavyogeuka kuwa gari au ndege. Kampuni ya Hasbro ya Marekani ilitumia jina Premium Series kwa roboti zilizotokana na filamu ya Transformers ya mwaka 2007.

Kalibu ya chuma ya kuundia plastiki ni ghali, hivyo kuitumia tena ni desturi ya kale: tangu 1984 wahusika wa Transformers Starscream, Skywarp na Thundercracker walitoka kwenye kalibu moja, wakitofautishwa hasa kwa rangi. Toleo la Premium, kinyume chake, humrudia mhusika yuleyule. Katika toleo la awali sehemu nyingi huachwa na rangi ya plastiki yenyewe. Katika Premium hupakwa rangi, mara nyingi yenye mng'ao wa metali. Rangi hiyo huweza kukwaruzika pale viungo vinaposuguana wakati wa kugeuzwa. Kwa mchezo wa mtoto toleo la awali hufaa zaidi. La Premium hufaa kabati la mkusanyaji.