Blauzi ya Zama Mbili

Mwanahistoria apewapo blauzi ya kale, kwanza hutazama kitambaa, kisha hutoa hukumu. Nasi wasomi tu wepesi wa hukumu. Hapo ndipo akoseapo. Katika Uingereza, tangu tarehe 1 Juni 1941, nguo mpya ziliuzwa kwa kuponi, na kila mtu mzima alipewa 66 kwa mwaka wa kwanza. Nguo kuukuu hazikudaiwa kuponi. Basi mwanamke aliyekuwa na gauni la mamaye kabatini alilifumua, akakata blauzi katika sehemu zisizochakaa, akahamishia humo vifungo vyake vya chaza. Mwaka 1943 serikali yenyewe ilitoa kijitabu cha kufundisha ustadi huo, Make Do and Mend. Mgao ulikoma Machi 1949.

Kwa hiyo kitambaa chaweza kuwa cha 1925, vifungo vya 1910, na blauzi yenyewe ikawa ya 1944. Ushahidi umo katika mshono: matundu ya sindano yasiyopitiwa na uzi mpya, na rangi iliyokoza palipokuwa na pindo. Azipigaye pasi alama hizo kwa kuzidhani dosari, mimi naona afuta mwandiko wa mtu ambaye huenda hakuacha waraka mwingine.