Kompyuta kutowaka baada ya kubadilishwa kadi ya michoro

Kompyuta kutowaka baada ya kubadilishwa kadi ya michoro ni hitilafu inayowapata mara kwa mara watu wanaoongeza uwezo wa kompyuta ya mezani kwa ajili ya michezo, uhariri wa video au uchoraji wa ramani za majengo. Kadi ya michoro ni kifaa kinachotengeneza picha inayoonekana kwenye skrini. Kwa kuwa hitilafu hujitokeza mara tu kadi mpya inapofungwa, wengi huamua kwamba kadi ni mbovu na kutoa fedha kununua nyingine. Mara nyingi kadi huwa nzima. Kinachokosekana ni umeme wa kutosha, au waya mmoja, au mapatano kati ya kadi na programu ya kuanzishia kompyuta.

Dalili

Neno "haiwaki" hutumika kwa mambo yasiyofanana, na fundi asiyeyatenganisha hupoteza siku nzima. Kompyuta inaweza kuwa kimya kabisa, au kuwaka kwa sekunde moja na kuzimika; hapo tatizo ni la umeme. Inaweza kuzungusha feni huku skrini ikiwa nyeusi. Au inaweza kuonyesha nembo ya mtengenezaji vizuri, kisha giza likaingia Windows inapoanza kupakiwa. Hali hii ya mwisho haina uhusiano mkubwa na nyaya, kwani picha ilikwisha kuonekana.

Umeme

Sloti ya PCI Express, ambayo kuanzia mwaka 2004 ilichukua nafasi ya AGP, huipa kadi wati 75 tu. Kiasi hicho kinaitosha kadi ndogo kama GeForce GTX 1050 Ti. Lakini GeForce RTX 3060 hutumia takriban wati 170, na RTX 3080 wati 320. Umeme wa ziada huletwa na nyaya kutoka kwenye pawa saplai, yaani kile kisanduku kinachopokea umeme wa ukutani: plagi ya pini 6 huleta wati 75, ya pini 8 wati 150. Plagi hiyo ikisahauliwa, baadhi ya kadi huonyesha ujumbe wa kuidai. Nyingine huzungusha feni tu bila picha yoyote.

Kuna plagi nyingine ya pini 8, ya prosesa, inayofanana sana na ile ya kadi. Upande chanya na upande hasi katika plagi hizo mbili vimepangwa kinyume, hivyo plagi isiyoingia kwa urahisi isilazimishwe. Vilevile nyaya zinazochomolewa kutoka pawa saplai moja zisitumiwe kwenye pawa saplai ya aina nyingine, hata kama zinaingia. Mpangilio wa pini kwenye upande wa kisanduku hutofautiana, na kosa hilo linaweza kuunguza kadi pamoja na ubao mama.

Namba kubwa kwenye lebo haitoshi kuaminiwa. Kinachohusika ni uwezo wa njia ya volti 12, ambayo ndiyo hulisha kadi na prosesa. Jambo hili huwagusa hasa wanaonunua kompyuta zilizotumika maofisini, ambazo ni nyingi katika maduka ya Dar es Salaam na Nairobi. Dell OptiPlex 9020 ya umbo la mnara, kwa mfano, huja na pawa saplai ya wati 290, na plagi yake kuu ina pini 8 badala ya 24 za kawaida. Mwenye kompyuta hiyo hawezi kuchukua pawa saplai yoyote dukani na kuifunga bila waya wa kubadilishia.

Skrini nyeusi

Chanzo kimoja cha skrini nyeusi ni chepesi kiasi cha kuonewa aibu: kebo ya skrini imebaki kwenye tundu la ubao mama badala ya kuhamishiwa kwenye kadi mpya. Kingine ni kadi ambayo haikuzama hadi mwisho wa sloti. Kibano cha sloti kinapaswa kulia "tak".

Milio husaidia pale ambapo spika ndogo ya ndani ipo. Katika BIOS ya Award, mlio mmoja mrefu na miwili mifupi humaanisha tatizo la picha. Ubao mama za kisasa huwa na taa ndogo iliyoandikwa VGA kwa kazi hiyohiyo.

Umri wa vifaa pia una neno. Kadi nyingi zilizotoka kabla ya Windows 8 ya mwaka 2012 hazielewani na UEFI, mrithi wa BIOS, mpaka mfumo wa kuendana na vifaa vya zamani, CSM, uwashwe. Hata kadi mpya hukumbwa: mwaka 2018 kampuni ya NVIDIA ilitoa programu ya kusasisha baadhi ya kadi zake zilizokuwa zikibaki nyeusi wakati wa kuwaka zinapounganishwa na skrini za DisplayPort 1.3 na 1.4.

Utafutaji wa chanzo

Hatua yenye kufichua zaidi ni kurudisha kadi ya zamani, baada ya kuchomoa waya wa ukutani na kubonyeza kitufe cha kuwasha ili kumaliza umeme uliobaki. Kompyuta ikiwaka, uchunguzi uelekee kwenye umeme na UEFI. Isipowaka, kuna kitu kilichoguswa wakati wa kazi, mara nyingi RAM au plagi kuu, na kadi mpya haina hatia. Betri ya CR2032 ikitolewa kwa dakika chache, mipangilio ya BIOS hurudi ya kiwandani. Kadi hutangazwa mbovu baada tu ya kushindwa katika kompyuta ya pili yenye umeme wa kutosha.

Kwa giza linaloingia wakati wa Windows, kompyuta huwashwa katika hali salama, draiva za kadi ya zamani huondolewa, ndipo za kadi mpya huwekwa.