Uongozi wa skuli wakati wa dharura (Unguja)

'''Uongozi wa skuli wakati wa dharura''' ni kazi ya mwalimu mkuu na wasaidizi wake ya kulinda uhai wa wanafunzi na wafanyakazi panapotokea moto, mafuriko, maradhi ya mlipuko au ajali, kisha kurudisha masomo. Katika kisiwa cha Unguja, kama kwingineko, uwezo wa kiongozi kuamua haraka bila hofu hutegemea sana mambo aliyoyapanga kabla ya siku hiyo.

== Mazingira ==

Mji Mkongwe, ulioingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, una vichochoro vingi ambavyo gari la zimamoto haliwezi kupita. Majengo yake ya kale ni ya mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mbao, na huchakaa yasipotunzwa. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya jumba la Beit-el-Ajaib iliporomoka.

Mvua za masika, kuanzia Machi hadi Mei, huleta mafuriko katika maeneo ya mabondeni. Kipindupindu kimelipuka mara kadhaa visiwani, na mwaka 2020 skuli zilifungwa kwa sababu ya UVIKO-19.

Skuli nyingi za mjini zimekuwa zikisomesha kwa mikondo miwili, asubuhi na mchana. Kwa hiyo kila mkondo unahitaji rejista yake na msimamizi wake wa dharura. Katika skuli mpya za ghorofa, hatari kubwa ni msongamano kwenye ngazi.

== Taasisi ==

Kamisheni ya Kukabiliana na Maafa Zanzibar inaratibu shughuli za maafa chini ya sheria ya mwaka 2015. Mwalimu mkuu hushirikiana pia na Wizara ya Elimu na Mafunzo ya Amali, Kikosi cha Zimamoto na Uokozi, kituo cha afya kilicho karibu na sheha wa shehia yake.

== Maandalizi ==

* '''Mpango ulioandikwa:''' unaonyesha njia za kutokea, mahali pa kukusanyika, swichi kuu ya umeme na namba za simu.
* '''Kaimu:''' mwalimu anayejulikana na wote kuwa ndiye mwenye amri mkuu asipokuwapo.
* '''Mazoezi:''' wanafunzi hutoka madarasani kwa ishara moja. Muda hupimwa na kasoro hurekebishwa. Wenye ulemavu hupangiwa wasaidizi mapema.
* '''Hesabu:''' kila mwalimu hutoka na rejista na kuita majina.
* '''Makabidhiano:''' mtoto hukabidhiwa kwa mzazi au mlezi anayejulikana, na jina huandikwa.
* '''Taarifa:''' mtu mmoja tu huzungumza na wazazi, ili kuzuia uvumi.

== Mfano wa Kenya ==

Mwezi Machi 2001 wavulana 67 walikufa katika moto wa bweni la Shule ya Sekondari ya Kyanguli, Machakos. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa, na madirisha yalikuwa na nondo. Mwaka 2008 serikali ya Kenya ilitoa mwongozo wa usalama unaotaka milango ya mabweni ifunguke kwa nje na madirisha yasiwe na nondo. Hata hivyo, mwezi Septemba 2024 wavulana 21 walikufa kwa moto wa bweni katika shule ya Hillside Endarasha, Nyeri. Mwongozo wa serikali pekee hautoshi: mkuu wa kila skuli hana budi kukagua mwenyewe milango, funguo na idadi ya wanaolala au kusoma katika kila chumba.