Bwana Aliyetoa Ngao na Sultani Aliyepokea Ijaza

Tarehe 2 Julai 1860, kwenye uwanda wa Wimbledon kando ya London, Malkia Victoria alivuta kamba ya hariri. Kamba hiyo ilifungwa kwenye kifyatulio cha bunduki ya Whitworth ambayo mafundi walikuwa wameshaikaza na kuilenga kabla hajafika. Risasi ilikwenda yadi 400, ikatua kiasi cha inchi moja na robo kutoka katikati ya shabaha. Malkia hakulenga kitu, ila sifa akapewa yeye, na mashindano ya Chama cha Taifa cha Bunduki yakawa yamefunguliwa. Aliyeongoza baraza la chama hicho alikuwa kabaila wa Kiskoti, Francis Charteris, maarufu kwa jina la Lord Elcho kabla hajarithi cheo cha Earl wa Wemyss mwaka 1883.

Elcho alikuwa mbunge wa siku nyingi, si askari wa kuajiriwa. Mwaka 1859 alishikwa na homa iliyowashika wengi nchini mwake: hofu kwamba Napoleon III wa Ufaransa angevuka bahari na majeshi yake. Serikali iliporuhusu raia waunde vikosi vya kujitolea, alichukua uongozi wa London Scottish, kikosi cha Waskoti waishio jijini, akawavika sare ya kijivu iliyopauka wakati jeshi la Uingereza likivaa nyekundu. Hoja yake ilikuwa ya kiwindaji: askari huwinda watu, na hakuna mwindaji wa kulungu aingiaye porini na nguo inayoonekana kutoka kilima cha pili. Jeshi lilichukua miaka mingi kufika hapo alipokwisha fika yeye. Rangi hiyo moja iliepusha pia ugomvi wa koo, maana kila ukoo wa Kiskoti una mistari na rangi zake.

Mwaka 1862 alitoa ngao kubwa ishindaniwe na timu za England na Scotland, na jina lake likabaki juu yake. Miaka minne baadaye alikuwa miongoni mwa wabunge waliouzima muswada wa kupanua haki ya kupiga kura. Hapo ndipo ninapomwona vizuri zaidi. Karani au fundi aliweza kuaminiwa bunduki; kura hakuaminiwa.

Istanbul walikuwa na mpango mwingine. Okmeydanı, uwanja wa mishale, ulitengwa na Sultan Mehmed II baada ya kuuteka mji mwaka 1453, ukawa na zawiya yake, sheikh wake na daftari lake. Mtu hakuhesabiwa mpiga upinde mpaka arushe mshale gezi 900, karibu mita 594, mbele ya mashahidi. Hapo tena mwalimu alimkabidhi kishikio cha upinde na kumnong'oneza sikioni siri ya fani. Msomaji aliyepitia chuo cha pwani ataitambua ijaza mara moja: elimu hutoka mkono hadi mkono, na wapiga upinde hao walimpa heshima ya mlezi wao Saad bin Abi Waqqas, sahaba anayetajwa kuwa wa kwanza kurusha mshale katika Uislamu. Aliyevunja rekodi alisimamishiwa nguzo ya mawe yenye maandishi. Elcho na wenzake walitoa vikombe na pesa.

Sultan Mahmud II, aliyetawala kuanzia 1808 hadi 1839, alipita mlango huohuo wa mwalimu na kishikio. Ndiye aliyewaangamiza Majanisari, jeshi la zamani la masultani, mwaka 1826 na kulipa jeshi jipya mafunzo ya Kizungu. Alijua fika kwamba upinde umekwisha kazi vitani, na ule mshale wa masafa, mwembamba na mwepesi, haukutengenezwa kwa ajili ya kifua cha adui. Hata hivyo aliendelea kurusha, na akaagiza fani hiyo iandikiwe kitabu.

Tofauti kubwa, kwa macho yangu, ni nani anainama mbele ya nani. Wimbledon, kabaila alisimama juu ya uwanja akigawa. Okmeydanı, sultani alikuwa mwanafunzi, angalau kwa saa moja. Nisimpambe kupita kiasi: waliotunga beti za kumsifu kwenye nguzo zake hawakuwa na uhuru wa kusema kwamba siku hiyo alirusha vibaya.

Kurusha mishale bila vita hakukuwa kwa Istanbul peke yake. Kyoto nako, mwaka 1686, samurai Wasa Daihachirō alirusha mishale 13,053 kwa mchana na usiku mmoja kwenye ubaraza wa hekalu la Sanjūsangen-dō, na 8,133 kati yake ikafaulu. Japani ilikuwa na amani ya miongo mingi. Samurai hakuwa na wa kumpiga.

Elcho angekataa kuwekwa kundi moja na hao, kwa kuwa yeye alihubiri ulinzi wa nchi. Lakini uwanja wake ulimponyoka. Kufikia miaka ya 1870, baadhi ya mabingwa wa yadi 1,000 walilala chali, miguu ikielekea shabaha, mtutu umeegemea miguuni. Jaribu kufanya hivyo adui akija mbio. Mashindano yalihamia Bisley mwaka 1890, na ngao ile ingali inashindaniwa huko, sasa kwa masafa yanayofika yadi 1,200.

Elcho alifariki tarehe 30 Juni 1914, ana miaka 95. Tarehe 31 Oktoba mwaka huohuo London Scottish waliingia vitani Messines, Ubelgiji, wakiwa wa kwanza miongoni mwa vikosi vya miguu vya raia wa kujitolea. Magazini za bunduki zao hazikuweza kulisha sawasawa risasi za aina mpya walizogawiwa, ikabidi watie risasi moja moja kwa mkono huku Wajerumani wakiwajia gizani. Zaidi ya 300 waliuawa, walijeruhiwa au hawakuonekana tena. Kwa mzee aliyezoea kuliandikia gazeti la The Times barua za kulalamika, hiyo ingekuwa barua ndefu kuliko zote.