Kiapo cha wabunge (Kongo)
Kiapo cha wabunge ni ahadi ya utii atoayo mbunge kabla ya kuanza kazi. Tanzania, ibara ya 68 ya Katiba humtaka aapishwe kwanza. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ni vingine: Katiba ya 2006 humwapisha Rais mbele ya Mahakama ya Katiba (ibara ya 74), lakini mbunge haimdai kiapo. Muhula wake huanza pale bunge lenyewe linapothibitisha uchaguzi wake. Ndivyo ilivyo hata kwa Bunge la Jimbo la Lualaba, mjini Kolwezi. Wapiga kura wa Kapata, mtaa wa huko wa wafanyakazi wa kampuni ya madini ya Gécamines, wasitafute basi kiapo cha kumshikia mbunge wao. Na ibara ya 101 ya Katiba hiyo ya 2006 hubatilisha sharti lolote walilomfunga nalo.