Dhahabu ya Kilo na Darasa Lililokosekana

Mwaka 1903 Waaustralia wawili, Hannam na O'Brien, waliona dhahabu kwenye mto Agola, kaskazini-magharibi mwa Bunia, huko Ituri nchini Kongo. Kufikia 1905 machimbo ya Kilo yalikuwa yameanza kazi.

Tangu hapo Ituri haikukosa maswali ya uhandisi. Maji yapandishwe vipi kilimani ili yaoshe mchanga? Shimo lishikiliwe na nini lisimfukie mtu? Jiwe gumu lisagwe kwa nguvu gani? Umeme wa machimbo ulitafutwa kwenye maporomoko ya mto Shari, kule Budana.

Wakongo walishika sururu, wakasukuma vigari, wakajua mtambo kwa kuusikia ukinguruma. Hesabu na michoro vilibaki ofisini kwa Wabelgiji. Uhuru ulipofika 1960, nchi haikuwa na wahandisi wake. Machimbo yalipotaifishwa 1966 na kuitwa OKIMO, mashine zilirithiwa kirahisi kuliko maarifa ya kuzibuni. Hasara hiyo ni kubwa kuliko dhahabu yote iliyosafirishwa.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishika njia nyingine. Kitivo cha Uhandisi kilifunguliwa 1973 kwa msaada wa Ujerumani Magharibi, na mafunzo ya viwandani yakawa sehemu ya shahada yenyewe. Mwanafunzi alivaa ovaroli, akakuta mashine imekufa, akaulizwa sababu. Mwaka 1981 chuo kikaongeza IPI, taasisi ya kubuni mbinu za uzalishaji.

Bunia haina haja ya kwenda mbali kutafuta somo kama hilo. Mongbwalu iko kilomita 80 hivi tu. Huko mchimbaji mdogo huchanganya unga wa mawe na zebaki kwenye karai, akakamua kwa kitambaa hadi kikabaki kibonge cheupe, kisha akakichoma. Mvuke wa zebaki hauonekani. Humwingia mapafuni, na watoto waliochuchumaa kando wanauvuta pia.

Dawa yake inajulikana: chungu cha chuma chenye mfuniko na bomba linalopita kwenye maji, ili mvuke upoe na zebaki ikusanywe itumike tena. Hata hivyo wengi hukikataa. Kinawachelewesha, na zaidi ya hayo kinaficha dhahabu; mchimbaji anataka kuiona ikigeuka manjano mbele ya macho yake, asije akaibiwa.

Basi mwanafunzi wa uhandisi wa Bunia apewe kazi hii: chungu kisichovuja, kinachoonyesha ndani, kinachopata moto upesi, na ambacho mchomeleaji wa sokoni Bunia anaweza kukiunga kwa vyuma chakavu.