Kugeuza Umeme Bila Cheche

Mwaka 1820, mjini Copenhagen, Hans Christian Ørsted alipitisha umeme wa betri kwenye waya uliokuwa karibu na dira, na sindano ikayumba. Alipogeuza mwelekeo wa umeme, sindano nayo ikaelekea upande wa pili. Ukibadilisha chanya na hasi, umebadilisha na mwelekeo wa nguvu.

Kazi ikawa kupata kitu cha kubadilisha. Mwaka 1832 Hippolyte Pixii, fundi wa Paris, aliunda mashine ya kuzungushwa kwa mkono iliyotoa umeme wa kugeukageuka. Kwa ushauri wa mwanafizikia Ampère akaitia kifaa cha kubadili miunganisho ili umeme utoke upande mmoja tu. Baadaye zikaja rilei, yaani swichi zinazoendeshwa kwa umeme. Lakini zote zilitegemea chuma kugusa chuma, na hapo ndipo palipokuwa na ugonjwa. Redio za magari za miaka ya 1930 zilikuwa na kikopo chenye ulimi wa chuma uliotetemeka bila kupumzika, ukigusa huku na huku ili umeme wa betri ugeukegeuke na transfoma iweze kuupandisha. Kilivuma, kikatoa cheche, na cheche zikala chuma. Ndiyo maana kilitengenezwa cha kuchomoa na kuchomeka: kufa kwake kulitarajiwa.

Desemba 1947, katika maabara ya Bell huko New Jersey, John Bardeen na Walter Brattain walionyesha transista ya kwanza. Ilikuwa dhaifu, lakini miaka iliyofuata ilileta transista za silikoni zenye uwezo wa kubeba umeme wa mota. Zitumie kama swichi: panga nne kwa umbo la herufi H, mota ikae katikati. Washa ya juu kushoto na ya chini kulia, mota inazunguka; zima hizo, washa nyingine mbili, inarudi kinyume. Ndani ya transista zenyewe hakuna kinachosogea.

Lakini hatari hazijaisha. Transista mbili za upande mmoja zikiwaka pamoja, hata kwa sehemu ndogo ya sekunde, ni shoti, na zinaungua. Kwa hiyo saketi huacha mwanya mfupi ambao zote zimezimwa. Dayodi nazo huupa njia umeme ambao koili ya mota huendelea kuusukuma baada ya kukatwa.

Inveta nyingi za sola majumbani zina mpangilio huohuo wa herufi H, na umeme wake wa hezi 50 hugeuka mara 100 kila sekunde.